Faida Isiyo na Risiti

Umeme ukizima usiku kwa sababu uniti zimekwisha, mtu wa Dar es Salaam siku hizi hatoki nje. Anachukua simu, anaingiza namba ya mita na namba ya siri, na muda si mrefu tokeni ya LUKU yenye tarakimu 20 inaingia kwa ujumbe. Anaibonyeza kwenye mita, taa zinawaka. Wanaokumbuka ilivyokuwa kabla huduma hii haijaingia kwenye simu wanajua habari ya kulala giza, kudamka na kupanda daladala hadi kwenye kibanda cha muuzaji, kukuta foleni, na pengine kuambiwa mtandao uko chini.

Chukua mabadiliko hayo uyapeleke kwa mtakwimu anayekokotoa Pato la Taifa. Uniti za umeme zilizouzwa ni zile zile. Nauli ya kwenda na kurudi, iliyokuwa ikihesabiwa kwenye pato la sekta ya usafirishaji, haipo tena. Kama kuna makato ya muamala, ni madogo kuliko nauli hiyo. Asubuhi iliyookolewa haina mahali pa kuandikwa. Maisha ya mteja yamekuwa mepesi, ilhali hesabu ya nchi imebaki palepale au imeshuka kidogo.

Mtakwimu hajakosea. Pato la Taifa hupima thamani ya bidhaa na huduma zilizozalishwa, na kwa sehemu kubwa thamani hiyo hujulikana kwa bei iliyolipwa. Kisicholipiwa kwa kawaida hakimo. Mchumi Simon Kuznets, aliyewasilisha makadirio ya pato la Marekani mbele ya bunge la nchi hiyo mwaka 1934, alitahadharisha katika ripoti hiyo hiyo kwamba ustawi wa taifa hauwezi kusomwa moja kwa moja kutoka kwenye kipimo cha pato lake. Huku kwetu mchumi Phyllis Deane alikutana na tatizo hilo miaka ya 1940, alipojaribu kutengeneza hesabu za taifa za Rhodesia Kaskazini na Nyasaland, ambazo leo ni Zambia na Malawi. Aliona kwamba ukiacha kuhesabu kuni zinazookotwa na chakula kinachopikwa na wanawake vijijini, umeacha sehemu kubwa ya uchumi wenyewe. Hoja yake haikushinda kikamilifu, na kazi ya nyumbani isiyolipwa iko nje ya Pato la Taifa mpaka leo.

Kwa hiyo pengo kati ya manufaa na hesabu ni la zamani. Uchumi wa habari umelipanua kwa sababu ya tabia yake ya pekee. Habari ikishapatikana, kuigawa kwa mtu wa pili, wa elfu na wa milioni hakugharimu karibu chochote, na ushindani huivuta bei kuelekea sifuri wakati watumiaji wanaongezeka. Thamani inapanda, bei inashuka, na kipimo chetu kimefungwa kwenye bei. Ensaiklopidia ya Britannica ilisitisha toleo la kuchapishwa mwaka 2012, baada ya miaka 244. Mauzo yake yalikuwa yakihesabiwa. Wikipedia, iliyoanza 2001 na kusomwa bure duniani kote, huonekana kwenye hesabu za taifa kwa gharama za kuiendesha tu.

Kuna watu waliofurahia hoja hii kupita kiasi. Mwaka 1987 Robert Solow, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka huo huo, aliandika kwamba zama za kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za tija. Tangu hapo, kila tija inapodorora katika nchi tajiri, husikika sauti ikisema tija ipo, ni vipimo tu vilivyoshindwa kuiona. Mwaka 2016 Chad Syverson wa Chuo Kikuu cha Chicago aliipima hoja hiyo. Alikokotoa kwamba kama tija ya Marekani isingepunguza mwendo baada ya 2004, uzalishaji wa nchi hiyo mwaka 2015 ungekuwa mkubwa zaidi kwa takriban dola trilioni 2.7. Halafu akakusanya makadirio yaliyokuwepo ya manufaa ya intaneti na huduma zake za bure. Hata makubwa kabisa hayakufika karibu na kiasi hicho. Namuunga mkono. Kipimo kina kasoro, lakini kasoro ya kipimo haiwezi kuwa kisingizio cha kila udhaifu wa uchumi.

Maelezo yanayonishawishi zaidi ni ya Paul David, mwanahistoria wa uchumi wa Stanford, aliyoyatoa mwaka 1990. Alirudi kwenye umeme. Kituo cha Edison cha Pearl Street, New York, kilianza kazi 1882, lakini viwanda vya Marekani havikuvuna tija ya maana mpaka miaka ya 1920. Wenye viwanda walianza kwa kuondoa injini moja kubwa ya mvuke na kuweka mota moja kubwa ya umeme mahali pake, wakaacha mikanda na mashafti yale yale juu ya dari. Faida ilikuja walipofunga mota ndogo kwenye kila mashine, wakajenga viwanda vya ghorofa moja na kupanga mashine kwa kufuata safari ya kazi. Ofisi zetu nyingi bado ziko kwenye hatua ya kwanza. Fomu inajazwa kwenye kompyuta, inachapishwa, inagongwa muhuri, inaskaniwa, kisha inatumwa kwa barua pepe, na nakala ngumu inafuata kwa dispachi. Hapo kompyuta imeongeza kazi, na takwimu zikisema tija haijapanda zinasema kweli.

Tatizo la bei nalo linahitaji kutazamwa kwa makini. Anayejua biashara ya viazi au vitunguu anaijua lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu mpaka linazidi ujazo halali kwa mbali. Wakala wa Vipimo wamehangaika nalo miaka mingi kwa sababu bei inatajwa kwa gunia, na gunia si lile. Ukiandika tu kwamba gunia liliuzwa bei ya mwaka jana, unakosa habari yote iliyomo ndani ya kilemba. Vifaa na huduma za habari ni lumbesa inayokua kila mwaka. Simu ya laki mbili ya leo ina kamera, ramani, redio, tochi, kikokotoo na benki ndani yake, vitu ambavyo ya laki mbili ya zamani haikuwa navyo. Mtakwimu wa bei anapaswa kukisia ni sehemu gani ya bei ni ya kitu kile kile na ni ipi ya ubora ulioongezeka. Asipoligundua ongezeko hilo, uzalishaji halisi unaandikwa mdogo kuliko ulivyo. William Nordhaus alionyesha mwaka 1996 ukubwa wa kosa hili kwa kupima bei ya mwanga wenyewe badala ya bei ya taa na mafuta. Kwa karne mbili gharama ya mwanga ilikuwa imeporomoka, na fahirisi za bei za kawaida zilikuwa zimelikosa karibu anguko lote.

Kwa nchi zetu kuna shida nyingine iliyotangulia hiyo, nayo ni uchakavu wa mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao muundo wake hutumika kuhesabu uchumi. Nigeria ilikuwa ikihesabu uchumi wake kwa muundo wa 1990, wakati simu za mkononi za GSM ziliingia nchini humo 2001. Walipohamia kizio cha 2010 na kutangaza matokeo Aprili 2014, uchumi ulikua kwa asilimia 89 kwenye karatasi, na mawasiliano yakatoka chini ya asilimia 1 ya pato hadi karibu asilimia 9. Kenya ilifanya marekebisho yake Septemba mwaka huo huo, na pato likapanda kwa robo. Shughuli zote hizo zilikuwepo siku moja kabla ya tangazo.

Lakini tuseme kizio ni kipya na bei zimerekebishwa vizuri. Bado kuna jambo moja ambalo naliona kubwa kuliko yote: manufaa ya habari huangukia nje ya sekta inayoisafirisha. Mfano bora uko Kerala, kusini mwa India, ambako mchumi Robert Jensen alifuatilia wavuvi wa sadini wakati simu za mkononi zinaingia kati ya 1997 na 2001. Asubuhi ya tarehe 14 Januari 1997, kabla ya simu, mashua 11 zilifika kwenye soko la ufukweni la Badagara zikakosa wanunuzi, na wavuvi wakatupa samaki wao. Ndani ya kilomita 15 kutoka hapo, kwenye masoko mengine ya pwani ile ile, walikuwepo wanunuzi 27 waliokuwa karibu kuondoka mikono mitupu. Samaki walikuwepo, walaji walikuwepo, fedha zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia nahodha ageuze mashua.

Simu zilipofika, nahodha akiwa bado baharini alipiga sokoni kabla ya kuchagua pa kushusha. Bei zilizokuwa zikitofautiana sana kati ya ufukwe na ufukwe zikakaribiana mpaka zikawa karibu moja. Samaki waliokuwa wakitupwa, kati ya asilimia 5 na 8 ya mavuno, wakaacha kutupwa. Faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8, na mlaji akanunua kwa bei iliyoshuka asilimia 4. Sasa jiulize mapato ya kampuni ya simu katika habari hiyo ni yapi. Ni dakika chache za maongezi. Anayepima umuhimu wa mawasiliano Kerala kwa mapato hayo atapata tarakimu ndogo, atasema sekta hii bado changa, na atakuwa amepitwa na habari nzima.

Naongeza haraka kwamba habari haina nguvu ya miujiza. Marcel Fafchamps na Bart Minten walichunguza huduma ya kutuma bei za mazao kwa ujumbe mfupi huko Maharashtra, India hiyo hiyo, wakaona wakulima waliopokea ujumbe hawakupata bei bora kuliko wasiopokea. Jenna Burrell na Elisa Oreglia, waliochunguza wavuvi wa Ziwa Victoria upande wa Uganda, waliona kwamba kujua bei ya mwalo mwingine kulikuwa na uzito mdogo, kwa sababu biashara ilisimama juu ya uhusiano kati ya mvuvi na mnunuzi wake, pamoja na mikopo iliyowafunga. Wafanyabiashara wa nyanya za Ilula, mkoani Iringa, wanalielewa hili bila utafiti. Gari lililopakia matenga likiwa limefika Mikumi, simu moja kutoka soko la Ilala, Dar es Salaam, ikisema limefurika inaweza kulifanya lishushe Morogoro, na mzigo ukapona. Lakini mkulima aliyekopeshwa mbegu, mbolea na dawa na tajiri yule yule anayenunua mazao yake, hata akiijua bei ya Ilala kila saa, ana mnunuzi mmoja tu. Thamani ya habari inategemea uwezo wa mtu kuitendea kazi. Ndiyo maana kuhesabu laini za simu na gigabaiti zilizotumika hakutoshi kamwe kutuambia tija imepanda kiasi gani.

Nchini Kenya Tavneet Suri na William Jack walifanya kazi ambayo ningependa kila mchumi wa wizara aisome. Walifuatilia kaya kwa miaka kadhaa tangu M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu iliyoanza Machi 2007, ilipoanza kusambaa. Kwanza waliona kwamba kaya zisizotumia huduma hiyo zilipopatwa na msiba, ugonjwa au ukame, matumizi yao yalishuka kwa asilimia 7, ila ya watumiaji hayakuyumba, kwa kuwa ndugu na marafiki wengi zaidi waliweza kuwatumia fedha kwa wakati. Kisha, katika matokeo ya 2016 yaliyochapwa kwenye jarida la Science, walikadiria kwamba huduma hiyo iliziinua kaya 194,000 kutoka kwenye umaskini, na kwamba wanawake 185,000 walihama kutoka kilimo cha kujikimu na kufanya biashara kuwa shughuli yao kuu. Hesabu za taifa zinaionaje huduma yenyewe? Zinaona makato. Mama aliyetumiwa fedha usiku akampeleka mtoto hospitali bila kuuza mbuzi ameandikwa kwa shilingi chache za ada ya kutuma na kutoa.

Kosa la kipimo hapo hugeuka kosa la sera. Tarehe 15 Julai 2021 Serikali ya Tanzania ilianza kutoza tozo ya miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala wa kutuma au kutoa, kulingana na kiasi. Nia ilitajwa wazi, nayo ilikuwa njema: vituo vya afya, madarasa, barabara za vijijini. Uganda ilikwishapita njia hiyo Julai 2018 kwa kodi ya asilimia 1, ikaishusha hadi nusu asilimia miezi michache baadaye. Hapa kwetu tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba 2021, na mwaka uliofuata ikakatwa tena, baada ya malalamiko mengi na baada ya watu kuanza kurudi kwenye fedha taslimu.

Nadhani mzizi wa uamuzi ule ulikuwa ni kutazama jumla ya miamala, matrilioni kwa matrilioni, na kuiona kana kwamba ni utajiri uliolala kwenye simu. Jumla ya miamala haiwi pato. Shilingi 50,000 ile ile hutumwa na kijana wa Kariakoo kwa mama yake Lushoto, mama akailipia ada ya shule, shule ikamlipa muuza mchele, naye akamtumia mkulima. Imehesabiwa mara nne, na hakuna aliyetajirika kwa shilingi 200,000. Kwa upande mwingine, makato ya kampuni nayo yanaonyesha thamani ndogo mno. Kati ya takwimu hizo mbili, moja iliyovimba na moja iliyosinyaa, ndipo faida ya kweli ilipo: bima ya jamaa kwa jamaa, safari isiyofanywa, fedha isiyoibiwa njiani. Tozo ilikata hapo hapo, mahali ambapo hakuna takwimu ya serikali iliyokuwa ikitazama.

Je, manufaa hayo yanaweza kupimwa moja kwa moja? Erik Brynjolfsson, Avinash Collis na Felix Eggers walijaribu Marekani kwa kuwauliza maelfu ya watu walipwe kiasi gani ili waache huduma fulani. Kwa mwaka 2017 jibu la mtu wa katikati kwa injini za kutafuta habari lilikuwa dola 17,530 kwa mwaka, barua pepe dola 8,414, na ramani za kidijitali dola 3,648. Naiheshimu njia hii, hasa walipoweka malipo ya kweli kwa baadhi ya washiriki wa Facebook ili majibu yasiwe ya maneno matupu. Hata hivyo siafiki wazo la kuzijumlisha tarakimu za namna hii na Pato la Taifa. Mtu ukimuuliza alipwe nini ili aache maji, atataja kiasi kisichokuwepo duniani. Manufaa ya namna hiyo yana haki ya kuwa na jedwali lake, kando ya pato, yasomwe kwa pamoja.

Swali la mahali thamani inapoandikwa linaniumiza zaidi. Julai 2016 Ireland ilitangaza kwamba uchumi wake ulikua kwa asilimia 26.3 katika mwaka 2015. Wananchi hawakuuona ukuaji huo mezani kwao. Kampuni kubwa za kimataifa zilikuwa zimehamishia miliki bunifu zao kwenye vitabu vya Ireland, na mapato yake yakahamia pamoja nazo. Ofisi ya takwimu ya nchi hiyo ililazimika kubuni kipimo kingine cha pato kinachoondoa sehemu ya mambo hayo, ili serikali ijue inaongoza uchumi wa ukubwa gani. Ireland tarakimu zilipanda bila kazi. Nairobi kuna kazi isiyopandisha tarakimu. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kuhusu wafanyakazi wa jiji hilo waliosoma na kuainisha maandishi ya ukatili na unyanyasaji, ili mfumo wa akili mnemba wa kampuni ya OpenAI ujifunze kuyaepuka, kwa ujira wa chini ya dola 2 kwa saa. Katika hesabu za Kenya, mchango wao ni ada ambayo kampuni iliyowaajiri ilimtoza mteja wa nje. Tija yao kwa saa, ukiigawa kwa kanuni, ni ya chini sana. Programu iliyotokana na jasho lao ni mali yenye thamani ya mabilioni ya dola, na mali hiyo imeandikwa Marekani. Anayesoma takwimu za tija peke yake atahitimisha kwamba kijana wa Nairobi anazalisha kidogo, wakati anachozalisha kimepewa bei na mnunuzi aliyeshika kalamu.

Machi 2025 Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliidhinisha mfumo mpya wa hesabu za taifa, unaozitambua data zenyewe kuwa rasilimali iliyozalishwa, kama lilivyo jengo au mtambo. Nchi zitahamia mfumo huo miaka ya mwisho ya muongo huu. Data zitathaminiwa hasa kwa gharama ya kuzikusanya na kuzipanga, na zitaandikwa kwenye mizania ya anayezishika. Kumbukumbu za miamala ya muuza mitumba wa soko la Karume, ambazo leo hutumika kuamua kama anastahili mkopo wa simu na kwa riba gani, zitakuwa mali ya mtaji ya kampuni. Yeye mwenyewe hataonekana upande wowote wa jedwali.

Kabla hatujafika huko, ofisi zetu za takwimu zina kazi inayowezekana kwa uwezo uliopo. Tanzania ilikwisha kuweka maswali ya matumizi ya muda kwenye utafiti wa nguvukazi wa 2006 na wa 2014, na Kenya ilifanya utafiti wake wa matumizi ya muda 2021. Maswali hayo yakirudiwa kila baada ya miaka michache, yakauliza pia saa zinazotumika kwenye foleni, kwenye safari ya kulipa bili na kufuata huduma za serikali, tutaanza kuona asubuhi za watu zikirudi mikononi mwao au zikiendelea kuliwa. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya uulize kaya ilipopata pigo ilisaidiwa na nani, kwa njia gani na baada ya siku ngapi. Na wizara inapopeleka bungeni pendekezo la kodi juu ya njia ya mawasiliano, makadirio ya mapato yaambatane na makadirio ya miamala itakayoachwa, kaya kwa kaya, kutoka kwenye tafiti hizo hizo.